Kinyozi na Gari la Baba

Mume wangu ni kinyozi, tena hodari, sitamnyima haki yake. Lakini kinyozi ana ugonjwa mmoja usio na dawa: akiona upande mmoja umezidi mwingine, mkono unamwasha. Hupunguza huku kidogo, akarudi nyuma, akakunja jicho, akatazama, kisha akapunguza na kule kidogo. Kichwani mwa mtu haina neno, kwa sababu nywele zikizidi kukatwa huota tena. Siku hiyo alikuwa amenyoa gari.

Nilikuwa nimetoka kupeleka sare za shule nilizoshona, miguu inaniwaka, nikafungua geti la uani nikakuta gari la marehemu baba yangu limekaa kitako. Sisemi limeegeshwa, nasema limekaa, pua juu na makalio chini, kama mbwa anayengoja mfupa. Pembeni yake mume wangu amesimama na grainda ya kuazima, ile mashine ya kukatia chuma, uso umejaa vumbi la chuma, anachekacheka.

"Unalionaje?" akaniuliza.

"Limepata ajali?"

"Ajali! Mke wangu, hiyo ndiyo staili. Nimelishusha nyuma."

Ni gari la zamani, la milango minne, rangi ya kaki, usukani mwembamba, viti nimevishona upya mimi mwenyewe. Baba alilinunua kabla sijazaliwa, na ndani yake ndimo alimonifundisha kuendesha, mimi, si kaka yangu. Alipofariki, Mama alikwenda kukaa kwa kaka mkubwa kusaidia kulea mtoto mchanga, akaniachia funguo. Hakusema lako, wala hakusema si lako. Alisema tu, "Litunze."

"Nani alikutuma?" nikamuuliza mume wangu.

"Lilikuwa limepinda! Bega la kushoto lilikuwa juu, na wewe unajua. Kila nikilitazama roho inaniuma."

Hapo hakusema uongo. Gari la Baba lilikuwa na bega moja juu tangu nikiwa mdogo. Watu wakimuuliza, Baba alijibu kwamba mzee yeyote hupinda kidogo, na mazungumzo yakaishia hapo.

"Kwa hiyo nikaitoa springi ya kushoto, nikaikata kidogo," akaendelea. "Kulirudisha, naona sasa kulia ndiko juu. Nikakata ya kulia. Kutazama tena, kushoto kumezidi unywele mmoja. Nikakata."

"Ukaendelea mpaka lini?"

"Mpaka likawa sawa."

"Sawa na ardhi!" nikamwambia. Akacheka. Mimi sikucheka.

Jioni hiyo akanibembeleza tutoke nalo kidogo nione lilivyonoga. Tulipokata kona ya kwanza, tairi la nyuma likasugua madigadi, likatoa mlio wa paka aliyekanyagwa mkia. Giza lilikuwa limeanza kuingia, akawasha taa. Kwa kuwa nyuma kumeshuka, mbele kumeinuka, taa hazikumulika barabara. Zilimulika ghorofa ya pili, na ghorofa ya pili alikuwepo jirani yetu anaanua nguo, amejifunga taulo tu. "Zima hizo taa, mshenzi wewe!" akapiga kelele. Mume wangu akazima taa, tukapita juu ya tuta bila kuliona, na bomba la ekzosi likaburuzwa vibaya sana.

Tulipoongeza mwendo, sakafu ikaanza kutetemeka. Nikitaka kusema neno, meno yanagongana. Nikamwonyesha kwa mkono asimame. Akakanyaga breki, wala hakukanyaga kwa nguvu, lakini matairi ya nyuma yakajifunga pale pale, makalio ya gari yakataka kutangulia, tukazunguka kwenye changarawe tukajikuta tunatazama tulikotoka.

Vumbi likatulia.

"Kuna vitu vichache vya kurekebisha," mume wangu akasema.

Kesho yake asubuhi niko kwenye cherehani, simu ikaita. Mama yangu hapotezi maneno. "Kaka yako analitaka gari," akasema. "Kuna watu wanapenda magari ya kale, anataka awauzie. Nimemwambia angoje. Nakuja Jumamosi, mtanipokea kituoni nalo, nami nitakaa pale pale pangu. Nikikaa nikaona ni gari la baba yenu, litakuwa lako. Nikiona silo, kaka yako atakuja na dereva."

"Sawa, Mama," nikasema, na sindano ikanichoma kidole.

Pale pangu maana yake ni kiti cha nyuma, upande wa kushoto. Hajawahi kukaa kwingine tangu nipate akili. Na lazima niseme jambo jingine, kwa heshima zote: mama yangu ni mwanamke aliyeumbwa akaumbika, na Muumba hakubana mkono. Nikatazama uani. Gari limeshagusa chini halijapandwa na mtu. Nikaona picha yote: Mama anakaa, tairi linapiga yowe, abiria wote wa kituoni wanageuka kumtazama, na kaka yangu anapigiwa simu. Ningeweza kuishi bila gari. Lile, hapana. Ndani yake bado kulikuwa na harufu ya koti la Baba.

Fundi wetu wa magari jina lake la kazini ni Kesho. Halikutoka mbinguni. Ukimpelekea gari Jumatatu, utaambiwa kesho mpaka mwezi uandame. Kwa hiyo nilimpelekea gari, na nyuma ya gari nikapeleka cherehani yangu. Nikaiweka mlangoni mwa gereji, nikavuta kigoda, nikaanza kupinda mikono ya mashati.

"Shemeji, unafanya nini hapa?" Kesho akauliza.

"Nahamia. Siku gari likitoka, na mimi natoka."

Wateja wakaanza kuniletea zipu za kubadilisha pale pale gerejini. Kesho akaona hana njia, akaingia chini ya gari. Baada ya muda sauti yake ikatokea huko chini: "Nani alizila hizi springi?"

"Kinyozi," nikamjibu.

"Ah. Nilidhani panya."

Mume wangu alikuwa amekuja kwa miguu kutoka saluni, bado amevaa joho lake la kunyolea. Akajifanya anasoma kibandiko ukutani.

Kesho akatoka, akafuta mikono, akaanza kututajia maradhi. Shokapu zilikuwa ndefu kuliko nafasi iliyobaki, kwa hiyo kila shimo zilikuwa zinagonga mwisho. Ekseli ilipanda, propela, ule mtaimbo unaozungusha magurudumu ya nyuma, ikakaa kwa pembe isiyo yake, ndiyo maana sakafu ilitetemeka. Tairi na madigadi, hilo tulilisikia wenyewe.

"Na breki?" nikauliza.

"Breki ndiyo kiboko. Hapa kuna kidude kimeshikana na ekseli. Kazi yake ni kupima nyuma kumeshuka kiasi gani. Kukishuka, kinajua kuna mzigo, kinaongeza nguvu ya breki za nyuma. Sasa hili gari saa zote linadhani limebeba."

"Linadhani mama mkwe ameshakaa," mume wangu akasema.

Kesho alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. Nilimtazama mume wangu kwa jicho ambalo huwa nalitunzia wateja wanaosema nguo imebana ilhali wao ndio walionenepa. Akarudi kwenye kibandiko chake.

Baadaye akajaribu kusaidia. Tuweke vipande vya raba katikati ya springi? Kesho akakataa. Tukunje madigadi kwa nyundo? Akakataa kwa sauti. Nyuma ya gereji kulikuwa na gari lililokufa zamani, ndugu wa hili letu, kuku wanataga ndani yake. Kesho akawafukuza kuku, akachomoa springi mbili nzima, akazisugua kutu, akazifunga. Akafunga na shokapu za kimo chake, akanyoosha bomba, akaregeza kile kidude cha breki akakirudisha mahali pake. Gari likainuka. Propela ikanyamaza. Taa zikashuka zikatazama barabara, na jirani wa ghorofani akabaki na taulo lake kwa amani.

Mume wangu alirudi nyuma hatua chache, akakunja jicho. "Sasa liko sawa kabisa. Hakuna bega. Si nilisema lilikuwa limepinda?"

Mimi nilitaka jaribio. Shati halijaisha mpaka livaliwe. Ng'ambo ya barabara kuna mwuza nyama, mtu wa mwili, tena mtu wa watu, na Mama alikuwa mteja wake miaka mingi. Nikamwomba aje akae nyuma kushoto tuzunguke mara moja. Akavua aproni, akaja, akakaa.

Gari likalala kushoto kama mtu aliyeegemea ukuta. Tulipofika kona, tairi likapiga lile yowe, na harufu ya mpira ikaingia dirishani.

"Msinitazame hivyo," mwuza nyama akasema. "Ongezeni springi. Mimi sipungui."

Tukarudi. Kesho akakuna kichwa. "Springi ni zenyewe, za kiwandani. Hakuna kosa. Basi mama yako alikuwa anakaaje humu?"

Nikakitazama kile kiti. Mama si mdogo kuliko mwuza nyama. Tena nikikumbuka safari zetu zote, Mama yuko pale kushoto, gari limenyooka. Halikuwahi kulala. Tairi halikuwahi kulia. Lilipinda likiwa tupu tu.

"Vipande viko wapi?" nikamuuliza mume wangu.

"Vipande gani?"

"Ulivyokata! Vyote. Na hizo springi zako."

Sifa moja ya kinyozi, hufagia. Alikuwa amevifagia vyote kwenye kopo la rangi. Akavileta, nikavimwaga mezani kwa Kesho, nikaviunganisha kila kimoja na springi yake kama ninavyounganisha vipande vya suruali iliyoharibiwa na fundi mwingine. Nikatoa futi yangu. Ya kushoto ilikuwa ndefu kuliko ya kulia. Nikauzungusha utepe kwenye waya wenyewe: wa kushoto ulikuwa mnene zaidi.

Kesho akaichukua, akaipeleka kwenye mwanga. "Hii si ya gari hili," akasema polepole. "Hii ni ya kaka yake, gari la mizigo la aina hii hii. Na tazama hapa mwisho." Mwishoni kulikuwa na mkato ambao haukuwa wa mume wangu. Ulikuwa wa zamani, umepigwa msasa mpaka ukalainika, ukapakwa rangi nyeusi usionekane. "Mtu aliikata hii kwa kipimo. Akaificha."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe imeshazikwa. Lakini nilimwona. Nilimwona Baba kama alivyokuwa kila safari: anamfungulia Mama mlango wa kushoto, anaufunga, halafu badala ya kwenda kwenye usukani anazunguka nyuma, anasimama, anatazama chini kidogo, kisha ndipo anaingia. Tulidhani anakagua buti. Alikuwa anaangalia kama gari limenyooka. Alikuwa amemshonea mke wake gari kwa kipimo chake, asije akaketi mbele za watu likalala, na akakubali yeye aitwe mwenye gari lililopinda.

Nililia. Nililia pale gerejini, mbele ya mwuza nyama, na wala sikujificha. Mume wangu aliiokota springi akaishika kwa mikono miwili.

"Nimemnyoa mzee," akasema. Hakukuwa na utani tena usoni mwake, na hapo ndipo nilipomsamehe, ingawa sikumwambia.

Kumpata yule kaka wa mizigo haikuwa kazi; Kesho alikuwa na springi yake ikizuia mlango wa choo. Nikaipima nikiifuatisha ile ya Baba, nikatia alama kwa chaki yangu ya nguo. Kisha nikampa mume wangu grainda.

"Mtu yeyote akate," Kesho akalalamika, "lakini si huyu."

"Ni huyu huyu," nikasema. "Mkono wake hautetemeki. Kinachotetemeka ni macho." Nikamgeukia mume wangu. "Kata kwenye chaki. Mara moja. Usitazame, usirudi nyuma, usikunje jicho. Ukiongeza unywele, nakukata wewe."

Kesho akimwagia maji, yeye akakata, safi kama mstari wa wembe kisogoni. Akaipiga msasa mwenyewe, akaipaka rangi nyeusi mwenyewe. Springi ikafungwa, gari likashushwa kwenye jeki, na lile bega la kushoto likainuka kama zamani. Maskini mume wangu hakuweza kulitazama. Aligeuka akatazama kuku. Mwuza nyama akaitwa tena, akakaa, gari likanyooka. Tukazunguka kona zote. Kimya.

Tukamwapisha mwuza nyama asimwambie mtu. Akaapa kwa kisu chake. Nikabeba cherehani yangu, na Kesho akashukuru Mungu kwa sauti.

Jumamosi tulikuwa kituoni mapema. Basi likaingia, na mwisho kabisa akateremka Mama, ameshika mkoba mkubwa, anamwambia kondakta asiguse mzigo wake kama hajui kuubeba. Mume wangu akamkimbilia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe. Umekonda. Hawakupi chakula?"

"Wananipa, Mama."

"Basi una kitu kinakusumbua."

Mume wangu akaupokea mkoba. Mama akalizunguka gari. Akapitisha kidole kwenye madigadi, akainama kidogo akatazama bomba lilivyonyooshwa, akaguna. Mume wangu akamfungulia mlango wa kushoto, karibu ainame. Mama akamtazama, akautazama mlango, akampita. Akazunguka mpaka upande wa kulia, akafungua mwenyewe, akaketi kwa mkupuo mmoja, bila kujizuia hata kidogo.

Gari likalala kulia kama mashua iliyopigwa na wimbi. Watu wawili watatu wakageuka. Nilitaka ardhi ipasuke. Mume wangu akafumba macho.

Ndani ya gari Mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka gari likacheka naye, bega juu, bega chini.

"Ndivyo," akasema akijifuta machozi. "Ndivyo lilivyofanya siku ile."

"Siku gani, Mama?"

"Siku baba yako alipoiweka hiyo springi. Unadhani mtu na mwili wake hawajuani? Nilikaa kushoto nikasikia napokelewa. Nikajiambia, huyu bwana amefanya kitu. Siku ya pili nikajifanya nimesahau nikakaa huku, gari likataka kuanguka. Nikajua. Nikarudi kushoto, sikusema neno mpaka amekufa."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ili iweje? Mtu akikusitiri, nawe sitirika." Akageuza shingo amtazame mkwewe. "Mwuza nyama alinipigia kuniambia amekalia kiti changu, nisione ni dharau. Nikajua hapa kuna mtu amechezea springi. Nikasema nikifika nitaona, wamerudisha springi ya baba yao, au wameweka za dukani zimelingana."

Mume wangu akajikohoza. "Mama, mimi ndiye niliyekata. Lilikuwa limepinda, nikataka kulisawazisha."

"Najua ni wewe. Miaka yote unavyolitazama hili gari, nilikuwa nangoja tu." Kisha akanigeukia mimi, akasema kwa sauti nyingine, "Kaka yako angeweka mbili mpya, zinazolingana, akadhani amefanya la maana. Funguo zibaki hapo zilipo."

Akashuka, akazunguka taratibu, safari hii akaacha mkwewe amfungulie. Akaketi kushoto polepole, akijishusha kidogo kidogo kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Mume wangu akafunga mlango, akaingia mbele kwenye kiti cha abiria. Mimi nilikuwa na funguo mkononi. Miguu haikunipeleka kwenye usukani. Ilinipeleka nyuma ya gari, nikasimama, nikatazama chini. Gari lilikuwa limenyooka, na kati ya tairi na madigadi ya kushoto palikuwa na nafasi ya vidole vitatu.

Nilipoinua macho nikamkuta Mama kwenye kioo cha ndani, ananitazama. Nikaelewa kwamba alikuwa akimtazama hivyo Baba, kila safari, miaka yote.

"Ingia basi tuondoke," akasema. "Sijaongezeka."